Tini Nzuri Huanzia Mahali: Hewa, Udongo na Majira ya Kuivisha

Chukua kijiti kimoja cha mtini, ukikate vipandikizi viwili, kimoja ukipande Dodoma na kingine Tanga karibu na bahari. Asili ni moja, lakini matunda hayatafanana. Ya Dodoma, yakiiva kiangazi, yatakuwa na ngozi nyembamba iliyokolea rangi, nyama nzito na utamu unaobaki mdomoni. Ya Tanga huenda yakawa makubwa zaidi, ila yatakuwa na maji mengi, yatalainika kabla hayajakolea, na mengine yatachacha yangali juu ya mti. Mkulima wa Tanga hakukosea mbolea. Hewa ya mahali pake ndiyo iliyoamua.

Wengi wanaoanza kulima tini Afrika Mashariki huuliza kwanza aina gani ya kupanda. Ni swali la haki, lakini lina swali jingine mbele yake: tini zangu zitaiva mwezi gani, na mwezi huo hewa ya kwangu ikoje? Anayejibu hilo vizuri atapata tunda zuri hata kwa aina ya kawaida. Asiyelijibu atanunua vipandikizi vya bei kubwa na kuvuna tunda linaloharibika njiani kabla halijafika sokoni.

Wiki mbili za mwisho

Tini hukua kwa hatua tatu. Kwanza kitini kidogo hutokeza kwenye kwapa la jani na kukua haraka kwa wiki tano au sita. Kisha husimama. Kwa wiki tatu hadi sita kinabaki kijani, kigumu, kana kwamba kimedumaa. Hapa ndipo wakulima wengi hupata wasiwasi na kumwaga urea shinani, na hilo ni kosa kubwa: mti hutoa majani na matawi mapya, matunda huchelewa zaidi, na yakiiva huwa mapooza. Mwisho huja hatua ya tatu, ambapo kwa muda wa wiki moja au mbili tunda huvimba, hubadilika rangi, hulainika na kuingiza sehemu kubwa ya sukari yake yote.

Kwa hiyo hali ya hewa ya miezi mitatu ya nyuma haina uzito kama ya siku hizo chache. Mti unaweza kuvumilia mvua ukiwa na matunda mabichi. Tunda linaloiva haliwezi.

Jua kali la mchana hutengeneza sukari kwenye majani, na usiku wa baridi kiasi, wa nyuzi 13 hadi 18 za Selsiasi, huufanya mti usiitumie sukari hiyo yote kwa kupumua. Rangi ya zambarau ya ngozi nayo hupenda mwanga na usiku wa baridi. Ndiyo maana aina nyeusi zikipandwa mahali penye usiku wa joto hutoka na rangi ya hudhurungi iliyofifia, wala si kwamba hazijaiva, ni hewa tu. Joto likipita nyuzi 38 au 40 kwa siku kadhaa, ngozi hukakamaa, upande unaotazama jua la alasiri huungua, na tunda huiva nje likiwa bado kavu ndani. Baridi na mawingu mfululizo nayo hufanya kinyume: tunda linakaa wiki nyingi bila kuiva, na likiiva lina ladha ya maji.

Mvua ndiyo adui mkubwa. Tini lina tundu dogo chini, wakulima huliita jicho. Maji yakipita hapo, au mizizi ikinyonya maji mengi kwa ghafla baada ya ukavu, tunda hupasuka kuanzia kwenye jicho. Hata lisipopasuka, unyevu huwaita mbawakawa wadogo na nzi wa matunda yaliyochacha, nao huingia jichoni wakiwa wamebeba hamira miguuni. Siku mbili baadaye utaona tone la maji yenye rangi ya waridi likining'inia kwenye jicho, na ukilikata tunda utasikia harufu ya siki. Hilo halitibiki. Dawa ya kunyunyiza wakati huo ni kupoteza fedha na kumlisha mlaji sumu.

Maeneo yanayosifika na sababu zake

Uturuki ndiyo nchi inayozalisha tini nyingi kuliko zote duniani, na ndani yake kuna somo zuri la mahali. Tini kavu zinazosifika hutoka mkoa wa Aydın, kwenye bonde la mto Büyük Menderes, upande wa magharibi. Aina yao ni Sarılop: ngozi ya manjano, nyembamba, nyama ya rangi ya asali. Kuanzia Juni hadi Septemba mvua ni nadra huko, mchana joto hufika nyuzi 35 na kuzidi, na bonde limefunguka kuelekea baharini, hivyo upepo wenye unyevu kidogo huzuia ngozi isikakamae. Wakulima hawachumi tini za kukausha. Huziacha juu ya mti hadi zinywee na kudondoka zenyewe, kisha huziokota kila siku na kuzimalizia juani kwenye trei. Kazi hiyo inawezekana kwa sababu Agosti hainyeshi. Mvua ya siku mbili wakati huo ingeharibu mavuno ya mwaka. Mwaka 2016 Umoja wa Ulaya ulilisajili jina la tini za Aydın kama bidhaa inayolindwa kwa asili yake ya mahali, yaani nyingine haziruhusiwi kuuzwa Ulaya kwa jina hilo.

Nenda kaskazini hadi Bursa, karibu na bahari ya Marmara. Kiangazi cha huko ni cha wastani, tunda huiva polepole zaidi, na aina yao nyeusi, Bursa Siyahı, ina ngozi nene inayostahimili safari. Hizo haziwi kavu. Huchumwa mbichi, hupozwa na kupelekwa Ulaya. Nchi ni moja, zao ni moja, lakini kila eneo limeshika biashara ambayo hewa yake inaimudu.

Marekani kuna mfano uleule. Tini za California hulimwa zaidi bonde la kati, Fresno, Madera na Merced, ambako kiangazi ni kikavu. Louisiana na pwani ya Ghuba ya Meksiko ni joto na unyevu, karibu na hali ya Tanga au Mombasa, na huko aina za California huchacha. Wakulima wa huko wanapenda Celeste, tini ndogo ambayo jicho lake limefungika, mdudu hapati pa kuingilia.

Lakini mfano unaotufaa kuliko yote uko Brazili, mji wa Valinhos katika jimbo la São Paulo. Kule mvua hunyesha majira ya joto, kama kwetu. Walichofanya ni kuukata mtini sana kila mwaka ili wao ndio waamue utachipua lini. Wanalima aina moja, Roxo de Valinhos, ambayo ni jamaa ya Brown Turkey. Na tini ambazo hazitawahi kuiva vizuri huzichuma zikiwa kijani na kuziuza kwa wapikaji wa matunda ya shira. Hilo la mwisho linafaa sana pwani yetu, tutalirudia.

Usinunue mtini usiozaa bila nyigu

Kabla ya kuzungumzia mikoa yetu, jambo hili lieleweke vizuri, kwa sababu linawagharimu watu miaka mitatu ya kungoja bure. Sarılop, ambayo California huitwa Calimyrna, haizai bila kuchavushwa na nyigu mdogo sana aitwaye Blastophaga psenes. Nyigu huyo huishi ndani ya mtini dume. Wakulima wa Aydın hununua matunda ya mtini dume mwezi Juni, huyatunga kwenye uzi na kuyatundika katika miti yao ili nyigu watoke na kuingia kwenye tini za kike. California walihangaika na miti isiyozaa hadi nyigu hao walipopelekwa na kustawi Fresno mwaka 1899.

Mikuyu na migumo yetu ina nyigu wake, lakini kila aina ya mti ina nyigu wake maalumu, na wa mkuyu hawezi kazi ya mtini wa tini. Ukipanda Calimyrna Morogoro au Nakuru, vitini vitatokeza, vitafikia ukubwa wa gololi na kuanguka vyote. Hakuna mbolea itakayovizuia.

Panda aina zinazozaa bila kuchavushwa: Brown Turkey, Black Mission, Kadota, Celeste, White Adriatic. Zina upungufu mmoja wa kukubali: bila uchavushaji mbegu za ndani huwa tupu, hazina ule utafunaji wa karanga ambao walaji wa tini kavu za Uturuki wanaujua. Kwa hiyo ushauri wetu ni huu bila kuzunguka: Afrika Mashariki tusishindane na Aydın kwenye tini kavu. Faida yetu ipo kwenye tini bichi, inayomfikia mlaji wa Nairobi, Arusha au Dar es Salaam siku mbili baada ya kuchumwa, jambo ambalo tunda la kutoka mbali haliwezi.

Vipandikizi kutoka nje ya nchi vinahitaji kibali cha mamlaka ya afya ya mimea, KEPHIS kwa Kenya na TPHPA kwa Tanzania. Si urasimu mtupu: virusi vya batobato ya mtini husafiri ndani ya kijiti, na ukiisha kuvileta shambani huvitoi. Hata vya ndani, kagua mti mama. Majani yenye mabaka ya manjano yasiyo na mpangilio, usikate kijiti hapo.

Kwetu wapi pana tini nzuri

Dodoma na Singida. Mwinuko wa Dodoma ni kama mita 1,100, mvua ni milimita 550 hadi 600 kwa mwaka na karibu yote hushuka kati ya Desemba na Aprili. Miezi inayobaki ni mikavu, mchana una jua na usiku unapoa. Wakulima wa zabibu wa huko tayari wanajua kupogoa kwa kalenda, na mtini unataka maarifa yaleyale. Tatizo la Dodoma ni Oktoba na Novemba, jua linapokuwa kali na pepo kukausha ngozi ya tunda. Kivuli cha majani ya mti wenyewe ndicho kinga, kwa hiyo usipunguze majani wakati wa mavuno ili matunda "yapate jua".

Iringa ina ukavu mrefu kuanzia Mei na baridi ya kutosha kutengeneza rangi. Lakini Juni na Julai ni baridi mno kwa kuivisha, kwa hiyo lenga Septemba hadi Novemba. Njombe na Makete ni baridi kupita kiasi, na maeneo ya mabondeni yana umande unaoganda unaoua chipukizi changa. Same na tambarare za chini ya Kilimanjaro na Meru, upande usio na mvua, zinafaa panapokuwa na maji ya kumwagilia.

Kenya ina vipindi viwili vya ukavu, na haviko sawa. Januari na Februari ni vya jua na joto. Juni hadi Agosti, kwenye nyanda za juu za kati, ni baridi yenye mawingu ya kutanda siku nzima, na tini inayoiva Julai Kiambu au Limuru haina utamu hata ikilelewa vizuri namna gani. Machakos, Makueni, Kajiado na Naivasha zilenge Januari hadi katikati ya Machi. Laikipia vilevile, ikiwa umwagiliaji upo.

Kigali, na bonde la Imbo nchini Burundi, hupata ukavu Juni hadi Agosti. Lubumbashi ina kalenda inayokaribia ya nyanda za kusini mwa Tanzania, kiangazi kirefu kuanzia Mei, na baridi ya usiku Juni na Julai inayochelewesha matunda.

Pwani, kuanzia Lamu hadi Mtwara pamoja na Zanzibar, ni mahali pagumu kwa tini ya kuuza mbichi. Usiku haupoi, unyevu hewani ni mkubwa mwaka mzima, na kutu ya majani haipumziki. Kutoka Lamu hadi Dar es Salaam, nafasi iliyopo ni ya kaskazi, Januari na Februari, hewa inapokauka kidogo. Panda Celeste au Kadota. Jicho la Kadota huzibwa na tone la utomvu mtamu mzito kama asali, ambalo huzuia wadudu kwa kiasi. Na usitegemee tunda bivu peke yake: tini za kijani zilizojaa lakini bado ngumu huchemshwa, maji yakamwagwa na kubadilishwa mara mbili au tatu hadi utomvu mweupe uishe, ndipo zikapikwa kwenye shira ya sukari na iliki. Kwa njia hiyo ubaya wa hali ya hewa hauna madhara, kwa sababu tunda limechumwa kabla ya wiki mbili za hatari.

Kupogoa: ndiko kuchagua majira

Mtini huzaa kwenye tawi la msimu huohuo. Katika nchi za baridi, majira ya theluji huangusha majani na mti wote huamka pamoja. Kwetu mti usipoguswa hubaki na majani mwaka mzima, unatoa tunda moja moja kila wakati, nusu yake ndani ya mvua. Mkasi ndio unaochukua nafasi ya majira ya baridi.

Tangu siku ya kupogoa hadi tini za kwanza kuiva ni miezi mitano hivi. Mahali pa joto la mfululizo kama pwani, ni miezi minne hadi minne na nusu. Mahali pa baridi kama Iringa, inaweza kufika sita. Hesabu kurudi nyuma kutoka mwezi unaotaka kuvuna:

Dodoma, pogoa kati ya tarehe 20 Machi na 10 Aprili, uvune kuanzia mwisho wa Agosti hadi Novemba. Iringa, katikati ya Machi, uvune kuanzia Septemba. Machakos na Makueni, mwanzo wa Agosti, uvune kuanzia Januari. Kigali, katikati ya Januari, uvune kuanzia Juni. Pwani, katikati ya Septemba, uvune mwishoni mwa Januari na Februari.

Hizi ni tarehe za kuanzia. Mwaka wa kwanza pogoa nusu ya miti kwenye tarehe hii na nusu wiki tatu baadaye, andika siku tunda la kwanza lilipolainika, na mwaka unaofuata utakuwa na kalenda ya shamba lako mwenyewe.

Umbo la mti hujengwa mapema. Mche ukishika, ukate kwa urefu wa sentimita 40 hadi 50. Acha machipukizi matatu yaliyotawanyika kuzunguka shina, mengine yote yaondoe. Msimu wa pili kata kila tawi na uache mawili juu yake, upate sita, na msimu wa tatu vivyo hivyo upate kumi na mbili. Baada ya hapo, kila mwaka, tawi lililozaa likatwe hadi kubaki vifundo viwili tu. Kwa jicho la mgeni mti utaonekana umeuawa. Baada ya wiki mbili au tatu machipukizi yatatoka mengi kuliko unavyohitaji. Yakifikia urefu wa kiganja, bakiza moja kwenye kila tawi, lile linaloelekea nje, na uyavunje mengine kwa kidole.

Vifundo vitatu au vinne vya chini kwenye chipukizi huwa havina tunda. Kuanzia hapo kila kwapa la jani hutoa tini moja, na hii ndiyo sababu matunda huiva kwa kupanda, ya chini kwanza. Ukiona kwamba mvua zitaanza baada ya wiki sita, vunja ncha ya tawi na uondoe vitini vya juu vilivyo vidogo kuliko njegere. Havitawahi, na vinanyang'anya chakula.

Fanya kazi hii ukiwa na glavu na mikono mirefu. Utomvu mweupe wa mtini huchoma ngozi, na jua likiipiga sehemu iliyolowa, malengelenge huweza kutokea siku inayofuata. Baada ya kupogoa, paka shina na matawi makuu chokaa, kilo moja kwa lita mbili au tatu za maji. Shina lililokuwa kivulini likiachwa uchi ghafla huungua na kupasuka, na wadudu wanaozaa funza wa shina hutaga kwenye nyufa hizo.

Udongo na maji

Mtini si mchaguzi sana wa udongo. Unapenda uliochanganyika na chokaa, pH 6 hadi 7.8, na huvumilia chumvi kiasi kuliko matunda mengi. Mambo mawili haukubali: maji kutuama, na minyoo fundo. Udongo wa kichanga mtupu una minyoo fundo wengi, hasa ukipanda palipokuwa na nyanya au bamia. Ng'oa mmea wa nyanya uliobaki uangalie mizizi. Ikiwa na vinundu kama shanga, tafuta sehemu nyingine, au ujaze shimo samadi iliyooza vizuri na utandaze nyasi kavu unene wa sentimita 10 hadi 15. Udongo wenye mboji nyingi huwapunguza, hauwamalizi.

Shimo liwe sentimita 60 kila upande, na debe mbili za samadi iliyooza. Kwa miti inayopogolewa sana kila mwaka, nafasi ya mita 4 kwa 2.5 inatosha, ambayo ni miti 1,000 kwa hekta. Mti mzima upewe debe mbili za samadi baada ya kupogoa na gramu 100 za mbolea ya nitrojeni ya CAN chipukizi zikiwa na majani matano, na 100 nyingine baada ya mwezi. Vitini vikitokeza, acha nitrojeni kabisa.

Maji ndiyo njia ambayo mkulima anaweza kuongeza au kuharibu kile mahali palichompa. Siku ya kiangazi Dodoma, mti wenye mwavuli wa mita tatu hutumia takribani lita 20 hadi 30. Ni bora kuzipata kwa matone kila siku au kila baada ya siku moja kuliko kumwagiwa ndoo kumi Jumamosi. Ukavu ukifuatwa na gharika ndio unaopasua tunda. Tini za kwanza zikianza kubadilika rangi, punguza theluthi moja ya maji, usikate yote. Kupunguza huongeza utamu. Kukata huangusha matunda ya juu na kukausha ngozi. Mwagilia alfajiri, na maji yasiguse matunda.

Kutu ya majani

Kwenye maeneo ya unyevu, ubora wa tunda hupotelea kwenye jani. Kutu ya mtini huanza kama madoa madogo ya manjano juu ya jani, na ukigeuza upande wa chini unakuta unga wa hudhurungi unaobaki kidoleni. Ndani ya wiki chache majani yote huanguka. Matunda yaliyokuwa yamejaa hubaki bila chanzo cha sukari, nayo hulainika bila kuwa matamu. Mkulima hulalamika kuhusu aina aliyouziwa, kumbe majani hayakuwepo.

Kinga ni mchanganyiko wa mrututu (salfeti ya shaba) na chokaa. Kwa bomba la lita 20, tumia gramu 200 za mrututu na gramu 200 za chokaa iliyozimwa. Yeyusha mrututu kwenye lita 10 za maji ndani ya ndoo ya plastiki, maana mabati huliwa. Koroga chokaa kwenye lita 10 nyingine. Mimina mrututu ndani ya chokaa polepole ukikoroga, usigeuze mpangilio huo. Kisha tumbukiza msumari safi kwa dakika moja. Ukitoka na utando mwekundu wa shaba, dawa bado ni kali na itaunguza majani, ongeza chokaa kidogo na upime tena. Chuja, utumie siku hiyohiyo. Majani machanga yapewe nusu ya nguvu, gramu 100 kwa 100. Nyunyiza kila baada ya wiki mbili mvua zikiendelea, upande wa chini wa jani zaidi kuliko wa juu, na usimame kabla tunda halijaanza kulainika. Vaa glavu, barakoa na miwani. Majani yaliyoanguka yakusanywe na kuchomwa au kufukiwa, kwa sababu kutu hurudi kutoka hapo.

Kuchuma

Tini haiivi ghalani kama ndizi au embe. Ikichumwa ngumu italainika kidogo, lakini sukari itabaki ileile. Alama za kuangalia ni shingo: tunda lililokuwa limesimama hulegea na kuinama, ngozi hupata mistari myembamba ya mpasuko kama nyufa za vanishi, na likiguswa hukubali kidole bila kubonyea. Kikonyo kikitoa utomvu mwingi mweupe wakati wa kukata, bado. Ukiwa na refraktomita, kifaa cha kupima sukari ya tunda, tunda la soko zuri lipime nyuzi 18 za Brix na zaidi. Chini ya 15 mlaji ataonja maji.

Chuma alfajiri, kila siku au kila baada ya siku moja, ukiacha kipande cha kikonyo. Panga tabaka moja tu kwenye trei yenye kitambaa au karatasi, jicho likitazama juu. Tini ikikaa chini ya nyingine imekwisha. Matunda yaliyoanguka yaondolewe shambani siku hiyohiyo, la sivyo mbawakawa wanaozaliwa humo watapanda kwenye yaliyo juu. Ndege huzuiwa kwa neti pekee, na neti iwekwe kabla hawajaonja la kwanza.

Likipozwa haraka na kuwekwa kwenye nyuzi 0 na unyevu wa asilimia 90 hadi 95, tunda hukaa wiki moja hadi mbili. Bila ubaridi una siku mbili, tatu ukiwa na bahati ya hewa. Wasiliana na mnunuzi kabla ya mkasi kugusa mti.

Anayetaka kukausha ziada, afanye hivyo mahali penye kiangazi cha kweli tu, juu ya trei zilizoinuliwa toka ardhini na kufunikwa kwa chandarua, hadi unyevu ushuke chini ya asilimia 26: tini ikikunjwa haipasuki, na ikiminywa haitoi maji kwenye jicho. Umande wa usiku mmoja ukizilowesha zikiwa nusu kavu, kuvu la Aspergillus flavus huota ndani pasipoonekana na kuacha sumukuvu iitwayo aflatoksini. Umoja wa Ulaya huruhusu mikrogramu 10 tu za aflatoksini zote kwa kilo ya tini kavu. Viwanda vya Uturuki huzipitisha tini chini ya taa ya urujuanimno kwenye chumba cha giza, na zinazong'aa kijani-manjano hutupwa. Usiye na taa, pasua chache kutoka kila trei. Zenye unga wa kijani au mweusi katikati ziondoke pamoja na jirani zake za trei hiyo, zichomwe moto, na zisipewe ng'ombe wa maziwa, kwa kuwa sumu hiyo hupita hadi kwenye maziwa.